Hati ya ardhi na mkopo wa benki

Umeuliza kama hati ya ardhi inamfungulia maskini mkopo. Kidogo sana, ndivyo walivyoona wachumi Galiani na Schargrodsky huko Argentina. Mwaka 1981 familia zilivamia ardhi tupu pembezoni mwa Buenos Aires. Baadaye serikali ikaamua kuwafidia wenye ardhi ili wakazi wapewe hati. Baadhi ya wenye ardhi wakakubali, wengine wakaenda mahakamani. Basi majirani waliofanana karibu kwa kila kitu, huyu akapata hati, yule akakosa! Waliopata waliboresha kuta na paa, na watoto wao wakasoma zaidi. Mikopo ndiyo iliongezeka kidogo tu. Kwa hiyo mimi ningetumia hati kwanza kuwaondolea watu hofu ya kufukuzwa kwenye ardhi yao, benki baadaye.