Chupa ya mofini isikae kabatini

Msomaji mmoja ameandika: mama yake ana saratani ya mlango wa kizazi, hospitali imempa mofini ya maji, dawa kali ya maumivu, na chupa ina wiki mbili juu ya kabati haijafunguliwa. Shangazi kasema "hiyo ni ya kumsindikiza". Anauliza: ampe au aache? Dada yangu, fungua chupa hiyo leo, umpe kama ilivyoandikwa. Swali hili halikomi, na anayekesha kwa maumivu ni mgonjwa, si shangazi.

Huduma shufaa, yaani ya kumtuliza mgonjwa maumivu na mateso, haingoji madaktari wakate tamaa. Inafaa kuanza mara ugonjwa mzito unapotambuliwa, ikaenda sambamba na mionzi, dripu za saratani au ARV. Uganda waliliona hili mapema. Hospice Africa Uganda, shirika la huduma hiyo, ilianzishwa mwaka 1993 na Dkt. Anne Merriman, na tangu 2004 wauguzi na matabibu wa huko waliosomea fani hii wanaruhusiwa kuandika mofini, maana ukingoja daktari kijijini mtu anaumia bure. Na dawa yenyewe haina makuu: ni unga uliochanganywa na maji.

Siri yake ni saa. Mofini ya maji hushika kwa muda wa kama saa nne tu. Ukingoja mama alie ndipo umpe, utashinda unayakimbiza maumivu na hutayafikia. Ratiba iliyozoeleka ni saa 12 asubuhi, saa 4 asubuhi, saa 8 mchana, saa 12 jioni, kisha saa 4 usiku dozi mara mbili ili alale hadi kuche. Mtu mzima asiyewahi kuitumia mara nyingi huanzishiwa miligramu 2.5 hadi 5 kwa dozi. Mzee, aliyekonda sana au mwenye figo dhaifu huanza chini zaidi, au dozi zake huachanishwa, kwa sababu mabaki ya mofini hutolewa na figo na zikichoka yanajazana mwilini. Hayo ya kupanga ni ya aliyeandika dawa. Ya kwako ni kufuata saa.

Soma lebo kila chupa mpya inapoingia. Ipo yenye miligramu 5 ndani ya mililita 5, na ipo yenye 50 ndani ya mililita hizo hizo. Ukipima kwa mazoea, umempa mara kumi. Tumia bomba la sindano lililotolewa sindano. Vijiko vya jikoni havilingani. Vuta hadi kwenye alama, liinue usawa wa macho, toa hewa, kisha mgonjwa akiwa ameinuliwa kichwa mdondoshee taratibu mdomoni, ndani ya shavu.

Maumivu yakichomoza katikati, kwa kawaida huruhusiwa dozi moja ya ziada, na ile ya saa yake inabaki palepale. Tafadhalini, andikeni daftarini: saa, kipimo, na maumivu kati ya 0 na 10. Bila daftari hilo, anayekuja kurekebisha dozi anabahatisha.

Siku 3 hadi 5 za mwanzo atasinzia sana, na ndipo ndugu huogopa wakaificha chupa. Mara nyingi ni usingizi uliokosekana wiki nzima unalipwa. Kichefuchefu nacho hupungua ndani ya siku chache. Choo kigumu ndicho hakizoeleki, kwa hiyo ombeni dawa ya kulainisha choo, kama bisakodili, siku ileile mnayopewa mofini. Nyumba nyingi huacha mofini kwa sababu tumbo linauma, kumbe ni kinyesi kilichokaa siku sita.

La kuogopa ni hili: haamki ukimwita na kumtikisa, pumzi hazifiki 8 kwa dakika, mboni za macho zimebana kama ncha ya pini. Hapo usitoe dozi nyingine, mkimbizeni hospitali.

Wanaoumwa kweli na kupewa kwa kipimo ni nadra kuwa mateja, kwa hiyo neno hilo lisitajwe mbele ya mgonjwa. Ila msiikatishe ghafla. Mwili umeshaizoea, atatetemeka, atatoka jasho, ataharisha. Hupunguzwa kidogo kidogo na aliyeiandika.

Iwekeni mbali na jua na watoto, kifuniko kimekazwa. Ikibaki, hata chupa nusu, msimpe jirani mwenye mgongo: irudisheni famasi ya hospitali ilikotoka.