Usiishie kwenye "mlevi sugu": sema amekunywa nini, kiasi gani, na saa ngapi

Wiki iliyopita dada mmoja wa Moshi ameniandikia kuhusu kaka yake. Nyumbani mama anamwita mlevi. Mtaani ni chapombe. Mchungaji amesema ana pepo la ulevi. Alipopelekwa zahanati akitetemeka, kwenye cheti chake yakaandikwa maneno mawili tu: "mlevi sugu". Dada anauliza: "Mimi nimwite nani, na nikienda naye hospitali niseme nini ili wamsikilize?"

Swali la pili ndilo linaloweza kumwokoa kaka, kwa hiyo naanza nalo.

"Mlevi sugu" haimwambii daktari kitu. Haielezi kama huyu mtu ana saa sita tangu anywe au ana siku tatu, na hatari yote imelala hapo. Mwili uliozoea pombe kila siku kwa miaka, ukiikosa ghafla, huanza kutetemeka, kutoka jasho, kutapika na kukosa usingizi ndani ya saa 6 hadi 24. Degedege likija, mara nyingi huja kati ya saa 6 na 48. Kisha kwa wachache, kuanzia siku ya pili hadi ya nne, huingia hali mbaya kuliko zote: mtu hajui ni siku gani wala yuko wapi, anaona wadudu ukutani, homa inapanda, moyo unakwenda mbio. Hali hiyo inaua. Lakini inatibika hospitalini kwa dawa za jamii ya diazepam, maji ya kutosha na vitamini B1. Vitamini hiyo inatakiwa itangulie dripu ya sukari au iende nayo pamoja, kwa sababu sukari ikiingia peke yake kwa mtu aliyeishiwa B1 inaweza kumdhuru ubongo. Mhudumu akisoma "mlevi sugu" anamwona mtu aliyejitakia. Akisoma "mara ya mwisho amekunywa jana saa mbili usiku, sasa anatetemeka na anatoka jasho" anaona dharura, na anajua amebakiwa na muda gani.

Basi dada yangu, kabla hamjatoka nyumbani chukua karatasi. Andika anakunywa nini: bia, mbege, gongo, au pombe kali ya dukani. Andika chombo na idadi kwa siku. Bia ya nusu lita yenye asilimia 5 ina gramu 20 hivi za pombe halisi. Chupa ndogo ya pombe kali, mililita 250 kwa asilimia 40, ina gramu karibu 80, yaani sawa na bia nne za namna hiyo. Nguvu ya gongo hubadilika kutoka mpishi mmoja hadi mwingine, hivyo usiikadirie. Taja ujazo tu, kwa glasi au kwa chupa ya maji ya nusu lita. Andika amekunywa kila siku kwa miaka mingapi, na kama asubuhi lazima azimue ndipo mikono itulie. Andika dawa anazotumia, na kama ana kisukari, kifafa au ugonjwa wa ini. Saa ya kinywaji cha mwisho iandike juu kabisa. Chini yake andika kama amewahi kupata degedege alipoacha pombe siku za nyuma, maana aliyewahi kulipata yuko hatarini zaidi kulipata tena.

Na msimfungie chumbani "akauke". Familia nyingi hufanya hivyo kwa nia njema kabisa, kwa sababu jina mlevi limeshawaaminisha kwamba kinachokosekana ni utashi tu. Mtu wa kunywa kila siku tangu asubuhi hasimamishwi ghafla nyumbani bila daktari kumwona.

Kuna sentensi nyingine inayoua bila kelele: "Amelewa tu, mwacheni alale." Aliyegonga kichwa alipoanguka kwenye bodaboda naye husinzia na kutamka maneno kwa shida. Sukari ikishuka mwilini hufanya hivyo hivyo. Aliyekunywa pombe yenye methanoli, aina ya spiriti yenye sumu, anaweza kuonekana amelewa kawaida, kisha baada ya saa 12 au 24 aseme haoni vizuri, tumbo linamuuma, anahema haraka haraka. Februari 2024 katika kaunti ya Kirinyaga, Kenya, pombe yenye sumu iliua watu zaidi ya 10. Kwa hiyo kabla ya kusema "amelewa tu", mwamsheni. Asiyeamka akiitwa na kutikiswa, mwenye jeraha kichwani, anayehema polepole mno au kwa kukatakata, anayelalamikia macho: huyo ni wa hospitali. Mkiwa mnasubiri usafiri mlazeni ubavu, asije akapaliwa na matapishi, na asiachwe peke yake.

Wapo watakaosema haya ni mambo ya maneno tu, mtu akitaka kuacha ataacha hata ukimwita nani. Mwaka 2010 huko Marekani, John Kelly na Cassandra Westerhoff waliwapa wahudumu zaidi ya 500 wa afya ya akili maelezo yaleyale ya mtu yuleyule. Kitu kimoja tu kilitofautiana: kundi moja lilisoma jina linalomtaja kama mtumiaji mbaya wa vilevi, lingine lilisoma kwamba ana ugonjwa unaotokana na matumizi ya vilevi. Waliosoma jina la kwanza walielekea zaidi kumwona ana hatia mwenyewe na kwamba hatua za adhabu zinamfaa. Hao ni wataalamu, waliosomea kazi hii. Sisi wa nyumbani, tuliochoka na tulioibiwa vyombo, tutakuwaje?

Madaktari nao wamebadilisha majina yao. Mwongozo wa magonjwa ya akili wa Marekani wa mwaka 2013 uliacha kugawa watu kati ya "matumizi mabaya" na "utegemezi", yaani kushindwa kukaa bila kilevi, ukaweka ugonjwa mmoja wenye dalili 11 zinazopimwa kwa miezi 12: dalili 2 au 3 ni hali nyepesi, 4 au 5 ni ya wastani, 6 na kuendelea ni kali. Orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika Januari 2022 imebaki na neno utegemezi, lakini nayo inautenganisha na unywaji unaodhuru ambao haujafika huko.

Faida ya ngazi hizo naiona kila mara. Neno mlevi lina pande mbili tu, ndani au nje. Mwenye dalili tatu anamtazama jirani aliyelala mtaroni, anasema "mimi si mlevi", na kwa maana ya mtaa anasema kweli. Ameshajificha, tena sisi ndio tuliomjengea maficho. Mtu huyo huyo ukimpa maswali 10 ya kipimo kinachoitwa AUDIT hawezi kukimbilia kwa jirani, maana anajibu kuhusu glasi zake. Kipimo hicho ni cha Shirika la Afya Duniani. Kenya ilikuwa moja ya nchi sita kilikofanyiwa utafiti kikitengenezwa, na tafsiri ya Kiswahili imejaribiwa hapo hapo Moshi. Alama ni kuanzia 0 hadi 40. Ukifika 8 unywaji wako una hatari. 20 na kuendelea, uchunguzwe kwa utegemezi. Hakuna mahali kinapouliza "je, wewe ni mlevi?"

Nyumbani kanuni ni ileile: taja kilichotokea. "Wewe mlevi umeharibu maisha yetu" inamwachia njia moja, kujitetea. "Jana ulirudi saa nane usiku, ukaacha jiko la mkaa linawaka ndani, na mtoto alikuwa amelala pale" haina pa kubishia. Taja tukio moja, la karibuni, ulilolishuhudia mwenyewe. Usirundike ya miaka kumi. Liseme akiwa hajanywa au amekunywa kidogo, na sio mbele ya watoto wala wakwe. Kisha weka ombi lenye siku: "Jumanne twende wote hospitali, nitakaa nje." Akikataa, usirudi kwenye tusi, rudi na siku nyingine.

Maneno ya kufunika yana madhara yake pia, na familia za heshima ndizo zinazoyapenda. "Ana malaria" kwa mwajiri kila Jumatatu. "Anakunywa kidogo kuondoa mawazo." Kumtunzia mtu heshima hakuhitaji kusema uongo. Kwa mwajiri inatosha kusema anaumwa na yuko kwenye matibabu, mradi awe kwenye matibabu kweli. Kuhusu pepo, maombi yaendelee kama familia inaamini, lakini mchungaji aombwe jambo moja: aseme mbele ya wote kwamba hospitali nayo aende. Neno lake lina uzito kuliko langu.

Je, mraibu? Magazeti siku hizi yanalipenda, na ni afadhali kuliko mlevi, maana linaelekeza kwenye ugonjwa. Ila likisimama peke yake kwa miaka nalo linageuka jina la mtu. Kwenye maandishi mimi hutumia "mtu mwenye uraibu wa pombe". Ni ndefu, na urefu wake haumdhuru mtu. Hata hivyo kuna wanaojiita wenyewe mlevi kwa hiari. Kwenye vikundi vya AA, vya watu wanaosaidiana kuacha pombe, vilivyoanzia Akron, Ohio, mwaka 1935, ni desturi mtu kusimama na kujitambulisha hivyo, na kwa wengi kukiri huko ndiko kuliwafungulia mlango. Jina hilo ni lake. Kwamba yeye amelichagua kikundini haina maana shemeji amwite hivyo sebuleni.

Akiteleza, chungeni ndimi kuliko siku zote. "Amerudi kulekule" inafuta kila alichofanya. "Alikunywa Jumamosi, baada ya wiki saba" inazibakiza wiki saba, halafu inaleta maswali yanayofaa: Jumamosi kulikuwa na nini, alikuwa na nani, alikuwa na hela mfukoni, alikuwa hajala? Majibu hayo ndiyo ya kupeleka kliniki au kwenye soba hausi, nyumba ya kuwasaidia wanaoacha vilevi, anakohudhuria.

Watoto wasiitwe "watoto wa mlevi". Walimu, naomba hili mlisikie.

Swali la kwanza, dada yangu, ni jepesi. Mwite kaka, kwa jina alilopewa na wazazi. Ukiulizwa ana nini, jibu "anaumwa, pombe imemshika, tunatafuta matibabu". Hospitali ukimwona mhudumu anaandika "mlevi sugu" tena, mpe ile karatasi, umwombe kwa heshima anakili saa ya kinywaji cha mwisho na habari ya degedege, na uulize kama ataandikiwa vitamini B1. Walio Kenya wanaweza kupiga 1192, namba ya bure ya NACADA, mamlaka ya nchi hiyo ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, hata kabla mgonjwa hajakubali kwenda popote.