Barua Zinaingia, Hazitoki

Juzi msomaji kaniandikia: "Kaka, nimehamisha seva, barua pepe zinaingia vizuri ila nikituma kwenda Gmail zinarudi. SPF nimeirekebisha mara nne sasa." (SPF ni ile rekodi ya domeni inayotaja seva zinazoruhusiwa kutuma barua kwa jina lake.) Nikacheka. Mara nne? Mimi nilifika saba.

Ilikuwa kazi ya kampuni moja ya utalii Arusha. Niliwahamishia seva Ijumaa usiku, nikabadili rekodi za A na MX (zinazosema jina la domeni liko kwenye IP gani na barua zake zipokelewe wapi), nikajaribu kupokea, ikaja. Nikatuma ankara, nikalala. Jumatatu asubuhi mwenye kampuni, mama mmoja, akapiga: bei za safari walizowatumia wageni zimerudi zote.

Nikaivamia SPF. Nikaongeza, nikapunguza, nikaandika mpya na ya zamani nikaisahau palepale. Domeni moja ikiwa na SPF mbili, wapokeaji wanahesabu ni kosa, kwa hiyo ugonjwa niliuongeza mwenyewe. Jumanne jioni yule mama akaniambia, kwa upole kabisa: "Mwanangu, kama hujui sema, tutafute anayejua." Bora angenitukana.

Usiku ule ndipo nikaisoma barua iliyorudi hadi chini. 550-5.7.25: anwani ya IP inayotuma haina rekodi ya PTR, ile inayosema IP hiyo ni ya jina gani. Na anwani yenyewe ilikuwa lile lirefu la IPv6! Mimi PTR nilikuwa nimeiwekea ile ya IPv4 tu. Seva mpya ilikuwa nazo zote mbili, na Postfix, programu inayotuma barua, ikawa inatokea mlango nisioujua.

PTR, ndugu zangu, huiweki zilipo A na MX zako. Iko mikononi mwa mwenye IP, yaani aliyekukodisha seva. Ingia kwenye paneli yake au mwandikie. Jina utakaloweka lirudi kwenye IP ileile, na seva ijitambulishe kwa jina hilohilo. Pima kwa amri ya dig -x ukiipa IP yako. Ukibanwa, andika inet_protocols = ipv4 kwenye main.cf, faili la mipangilio ya Postfix, ili itumie IPv4 tu; kisha zima Postfix, washa. Nilifanya hivyo saa saba usiku, na barua ya kwanza ikapita chai haijapoa.

Sisi mafundi tuna tabia mbaya ya kushika spana kabla ya kuuliza gari linaumwa nini. Soma barua iliyorudi. Yote! Usiisome kwenye simu ukaishia kwenye 550, ukajifanya umeelewa.

Yule mama bado mteja wangu. Ankara ile aliilipa nusu, nami sikudai.