Mtoto Asiwe Mkalimani wa Nyumba

Ukihamia nchi ya watu na watoto wa kwenda shule, jambo moja litatokea mapema kuliko unavyotarajia: wao wataijua lugha kabla yako. Sisi tulitoka Tanga tukaja kukaa Hamburg, na baridi ya kwanza haijaisha, binti yetu mkubwa alikuwa anabishana na wenzake kwa Kijerumani ndani ya basi. Mimi na baba yake bado tulikuwa tunajikusanyia maneno ya dukani.

Inafurahisha sana, na hatari iko hapo hapo. Simu ikiita anapewa mtoto. Barua ikija anasomeshwa mtoto. Daktari akiuliza anajibu mtoto. Bila mtu kukusudia, mtoto wa miaka kumi anakuwa msemaji wa familia, na baba yake mzima amekaa pembeni akisubiri kuambiwa kilichosemwa. Nyumba ikishafika hapo, kumwambia mtoto huyo huyo "zima simu ukalale" kunakuwa kazi ngumu, na si kwamba amekuwa jeuri. Ameshajua nani anamtegemea nani.

Kwetu tuliweka mpaka tangu mwanzo. Mtoto anaweza kutusaidia kuuliza bei, njia, au basi la kupanda. Pesa, ugonjwa, kibali cha kuishi na mambo ya shule yake mwenyewe, hapana. Fikiria mama yuko kwa daktari wa wanawake na anayetafsiri ni mwanawe wa kiume. Fikiria mtoto anayesoma barua ya mwenye nyumba anayedai kodi, halafu anapanda kitandani na hofu ile peke yake. Nimeyaona kwa familia za karibu nasi, na watoto wale wana ukimya usiofanana na umri wao. Kikao cha mwalimu nacho ndiyo kabisa: mtoto akitafsiri malalamiko yanayomhusu yeye, ama aseme kweli ajichongee, ama apunguze akudanganye. Mzazi asimweke mwanawe kwenye njia panda hiyo. Waulizeni shuleni mapema kama wanaweza kuleta mkalimani, na kama hawana, nenda na mtu mzima unayemwamini.

Anzeni na barua, maana Ujerumani kila jambo la maana linakuja kwenye sanduku la posta pale mlangoni. Ya kuangalia zaidi ni ile yenye bahasha ya njano. Mtu wa posta huandika juu ya bahasha tarehe aliyoifikisha, na muda wa kupinga uamuzi unahesabiwa kuanzia tarehe hiyo, hata kama barua imelala wiki nzima juu ya friji haijafunguliwa. Mara nyingi muda wenyewe ni wiki mbili au mwezi mmoja. Kwa hiyo bahasha haitupwi. Inabanwa pamoja na barua yake kwenye faili. Mimi hupiga picha kwa programu ya kutafsiri ya simu nipate maana ya jumla, kisha nikiona ni jambo zito naipeleka kwa washauri. Mashirika ya misaada kama Caritas, Diakonie na AWO yana ofisi za ushauri kwa wahamiaji, na huduma ni ya bure. Unakwenda na karatasi zako, unakaa na mtu mzima mwenzako, mnaijibu pamoja. Binti yangu akiiona barua mezani huuliza, "Mama, nikusomee?" Namwambia, "Acha mwanangu, hiyo ni ya kwangu. Wewe nisikilizie tu kama neno hili nalitamka sawa." Anasikiliza, ananisahihisha, anarudi kwenye michezo yake.

Karatasi nyingine nitazitaja haraka. Anwani inaandikishwa ndani ya wiki mbili tangu mhamie, mkiwa na barua ya mwenye nyumba ya kuthibitisha kuwa mnakaa hapo. Posho ya watoto, Kindergeld, ilikuwa euro 255 kwa mwezi kwa kila mtoto mwaka 2025. Haki ya kuipata inategemea aina ya kibali chenu, na ukichelewa kuomba unalipwa ya nyuma miezi sita tu. Na kabla hamjapanda ndege, tafadhali, kadi za kliniki za watoto ziwekeni kwenye mkoba wa mkononi. Tangu Machi 2020 sheria ya huku inataka mtoto anayeingia chekechea au shule aonyeshe uthibitisho wa chanjo ya surua, na zile sindano za miezi tisa na mwaka mmoja na nusu zimeandikwa kwenye kadi hiyo hiyo iliyosahauliwa kabatini kwa bibi.

Sasa lugha. Kozi ya kawaida ya wahamiaji ina saa 600 za Kijerumani na saa 100 za kuijua nchi. Akina baba, nawaomba: msisome ninyi kwanza mkamwacha mama nyumbani "mpaka mambo yakae sawa". Yeye ndiye anayepigiwa simu na shule mtoto akipata homa. Kama haiwezekani kwenda wote kwa wakati mmoja, pangeni zamu, na zamu ya mama iandikwe mapema.

Kuna wazazi ninaowasikia wakisema huku mtoto haonywi. Anaonywa. Ni kweli kwamba tangu mwaka 2000 sheria ya Ujerumani inampa mtoto haki ya kulelewa bila kipigo, na watoto wanafundishwa hivyo shuleni. Kwetu simu inawekwa juu ya kabati, mtu anakaa chini na mama au baba, tunazungumza mpaka jambo lieleweke, hata kama chakula kinapoa. Inachukua muda mrefu kuliko kofi, na nimeona inashika zaidi. Lakini inahitaji mtoto akuone kuwa bado ndiye unayeijua njia ya kutokea. Mtoto aliyezoea kukusemea kila ofisi hatakaa chini akusikilize nusu saa.

Mahali ambapo sisi wazazi ndio wenye lugha ni Kiswahili, na hapo hatulegezi. Mtoto akinijibu kwa Kijerumani simgombezi. Naendelea na Kiswahili changu mpaka anarudi. Asubuhi ni shikamoo, hata kama tunalikimbilia basi. Kilichotusaidia kuliko vyote ni kuwapa watoto kazi ya kweli ya kufanya kwa Kiswahili, na hiyo ni kumsimulia bibi. Jumapili maduka yamefungwa, wali wa nazi uko jikoni, simu inasimamishwa mbele ya chupa ya maji, kila mmoja anasimulia wiki yake. Bibi hajui neno la Kijerumani, kwa hiyo hakuna pa kukimbilia. Mdogo alitaka kumweleza barafu inavyoteleza njiani, akakosa neno, akainuka akaonyesha kwa miguu. Bibi akampa neno, na mpaka leo analitumia.

Ukipanga simu kama hiyo, kumbuka saa. Wakati wa baridi Tanzania iko mbele kwa saa mbili, wakati wa joto kwa saa moja. Saa za huku hubadilishwa Jumapili ya mwisho ya Machi na ya mwisho ya Oktoba, kwa hiyo mwambieni bibi wiki moja kabla, asikae akiisubiri simu.