Mzani wa Machame, bahasha ya Mweka

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya mlima Kilimanjaro msimu huu, Bwana Yesu asifiwe. Na asiye Mkristo naye namsalimu, maana tutapanda wote na kula sufuria moja.

Niko mlimani tangu 2004. Nilianza kama mgumu, yaani mbeba mizigo ya wageni, nikawa msaidizi wa mpishi, nikasomea uongozaji, na tangu 2013 napeleka wageni kama kiongozi mkuu. Nimekulia Machame, kipaimara nimepata kwa Walutheri, na kwa miaka mingi niliamini kwamba Mkristo wa mlimani ni yule anayeomba kabla ya kuondoka getini, asiyegusa konyagi akishuka, na asiyetongoza wageni. Hayo ni mema, yashikeni. Ila kuna jambo nililichelewa kabisa, nami sitaki mlichelewe: mtu wa kwanza ambaye Mungu atakuuliza habari zake ni yule aliyekubebea mzigo.

Nianze na mzani. Mnajua sheria ya hifadhi, mgumu habebi zaidi ya kilo 20, na getini mizigo inapimwa mmoja mmoja. Nilipokuwa msaidizi wa kiongozi tuliingia geti la Machame na wagumu 14 kwenye karatasi. Majina niliyaandika mimi kwa mkono wangu. Kila mzigo ukasoma 19, 20, 19 na nusu, safi kabisa. Tulipopita geti na kukata kona ya kwanza msituni, watatu wakashusha mizigo, wakapewa nauli, wakarudi nyumbani. Walikuwa wamekuja kwa ajili ya mzani tu. Mizigo yao ikagawiwa kwa waliobaki. Kulikuwa na kijana mmoja, safari yake ya kwanza, viatu vya kuazima vimemzidi namba. Akafungiwa mtungi mdogo wa gesi na mfuko wa viazi juu ya kile alichokuwa nacho. Nilijaribu kumwinulia nimtwishe kichwani, mikono yangu ikaniambia uzito wake kabla mzani wowote haujasema. Tope lilikuwa la kufika vifundoni, na njia hadi kambi ya Machame ni saa tano hadi saba kwa mwendo wa wageni. Yule kijana alifika gizani. Hakulalamika, akaniambia tu, "Kaka, shikamoo, maji ya kunywa yako wapi?"

Nilipiga hesabu usiku ule ndani ya hema. Watu watatu, siku sita, shilingi 10,000 kwa siku kama tulivyokuwa tukilipa wakati huo: 180,000. Ndiyo bei ambayo kiongozi wangu na mimi tuliwauzia watu 11 mgongo wao. Tangu sekondari nilijua Mithali inasema nini juu ya mizani ya udanganyifu, nikadhani ni maneno ya wauza nyama na wauza mahindi. Haikunijia kwamba mzani wenyewe unaweza kuwa mzima kabisa, udanganyifu ukawa kwenye karatasi niliyoshika mimi.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni wa vitendo kabisa. Nunua mzani wa kuning'iniza, ule mdogo wa kubeba mfukoni, upande nao. Pima kila asubuhi kambini kabla ya kuondoka, mbele ya watu wote. Chakula kinapungua kila siku, lakini mvua ikinyesha hema lililolowa linaongeza kilo ambazo hakuna aliyezipigia hesabu, na mara nyingi anayebambikiwa hilo hema ni mgeni wa kazi asiyejua kukataa. Ukiwa bado mgumu na huna sauti, omba tu mzigo wako upimwe. Unayo haki hiyo. Na kabla ya kupanda kagua viatu na koti la kila mtu. Mjini Moshi lipo shirika linaloazimisha wagumu nguo za baridi bila malipo, hivyo usikubali mtu alale Barafu, kambi ya juu kabla ya kupanda kileleni, na jaketi la mvua peke yake.

Sasa bahasha. Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo nilipoanguka mwenyewe, si kiongozi wangu.

Mnajua inavyokwenda. Wageni wakishuka hadi geti la Mweka, tunakotokea, au jioni hotelini, wanakusanya tipu na kuiweka kwenye bahasha moja, na bahasha anapewa kiongozi mkuu. Wao wanarudi kwao wakiamini imegawanywa walivyoelekeza. Desemba 2014 nilishusha kundi la wageni sita. Nilikuwa na wagumu 12, na kutoka fungu la kila mmoja nilitoa 10,000. Nilijiambia ni haki ya kiongozi, vocha za simu zimenitoka, na kila mtu anafanya. Jumapili ya mwisho kabla ya Krismasi nilikwenda ibadani nyumbani, nimevaa suti. Baada ya ibada kukawa na mnada wa sadaka kama kawaida yetu, mayai, kuku, mkungu wa ndizi. Nikaushindania ule mkungu hadi 60,000. Watu wakapiga makofi, mzee wa kanisa akanishika mkono. Nilipogeuka nikamwona kwenye benchi la nyuma mmoja wa wale 12, amekaa na mama yake. Naye alikuwa anapiga makofi. Alikuwa anacheka kwa furaha, anamwonyesha mama yake kwamba yule ndiye kiongozi wangu.

Ule mkungu sikuula. Niliugawa kwa majirani, na hata hilo nilisifiwa.

Ilinichukua zaidi ya mwaka kufanya kitu. Nilikuwa naisoma habari ya Zakayo na kuiruka, kwa sababu yeye alisema mara nne, na mimi mara nne sikuwa nayo. Mwishowe nikaamua nirudishe nilichochukua na 10,000 nyingine juu yake. Nikamfuata yule wa benchi la nyuma sokoni Kiboriloni, alikokuwa akiuza mitumba wakati hakuna safari. Nikamweleza nikiwa nimesimama, jasho linanitoka kama napanda mwamba wa Ukuta wa Barranco. Akazihesabu zile noti mbili polepole ingawa zilikuwa mbili tu, akazikunja, akazitia chini ya kitambaa alichopangia suruali. Kisha akauliza, "Na wale wengine?"

Nawaambia ukweli, sikuwa nimewafikiria wale wengine. Nilikuwa nimemfikiria yeye kwa sababu aliniona kanisani. Swali lake lilinitembeza miezi mitatu, Pasua, Majengo, Rau, na wengine juu vijijini. Mmoja alinifokea mbele ya wanawe, na alikuwa na haki. Kumi niliwapata. Kati ya wawili waliobaki, mmoja niliambiwa alikwenda Mererani machimboni, mwingine hakuna aliyejua.

Tangu hapo nina utaratibu ambao sijauvunja. Kambi ya mwisho, kabla ya kushuka, wageni wakiwepo, tunasoma kwa sauti kila mtu atapata kiasi gani: mpishi, msaidizi, mgumu. Naomba mgeni mmoja aandike. Siku ya kugawa, kila mtu anasaini mbele ya jina lake kwa kiasi alichopokea. Na mshahara wa kampuni nao naufuatilia siku hiyohiyo, kwa sababu mgumu anayeambiwa "njoo ofisini wiki ijayo" anatumia nauli ya kutoka Uru au Marangu mara tatu, na anaporudi mikono mitupu nyumbani kuna watu wanamsubiri. Walawi inasema ujira wa mtu usilale kwako hadi asubuhi. Yakobo anasema ujira uliozuiliwa unapiga kelele. Ukishawahi kukaa upande wa kupokea, unajua si mfano tu.

Kuna jambo jingine ambalo sina jibu lake lote. Mgeni wangu mmoja alifika Stella Point, mita 5,756, akaishiwa nguvu. Uhuru, kilele chenyewe, mita 5,895, ilikuwa mbele yetu tunaiona. Nikamteremsha, na ndivyo inavyotakiwa. Mweka akaniomba niandikishe kwamba alifika Uhuru, apate cheti cha Uhuru, akanionyesha noti ya dola 100. Nikakataa kwa upole, nikaandika Stella. Tipu ya kundi zima ikawa ndogo sana, na wagumu wangu waliumia kwa ukweli wangu. Mmoja aliniambia wazi: "Kiongozi, dhamiri yako imetulipa nini?" Sikumkemea. Nilichobadilisha ni wakati wa kusema. Sasa ninawaambia wageni siku ya kwanza, hotelini, hata kabla hawajafungua mabegi: cheti kitaandikwa mahali mlipofika, na nikisema turudi tunarudi. Mgeni anayelisikia hilo mapema halichukui kama dharau akiwa amechoka. Imenisaidia, ingawa si mara zote.

Vivyo hivyo na uongo wa "bado kidogo". Saa tisa usiku, juu ya Barafu, mgeni anakuuliza zimebaki saa ngapi, na unajua ni nne. Mwambie nne. Akiwa anatapika, anayumba, maneno yanamchanganyika, usihesabu tipu, mshushe. Kichwa kinachouma kinaweza kusubiri, anayeyumba hasubiri.

Juu ya kununua safari nitasema machache. Mtaombwa hela ili mpangiwe kazi, na baadaye mtakuwa na nafasi ya kuomba wengine. Nilikataa kutoa, nikakaa karibu msimu mzima bila safari. Nililima, nikabeba tofali. Sitawadanganya kwamba Mungu alinifungulia mlango wiki iliyofuata. Aprili na Mei, masika, kampuni nyingi zimelala hata hivyo, kwa hiyo uwe na nguruwe, bustani, ama ufundi, chochote cha kukulisha. Mtu mwenye njaa ya miezi miwili anapata shida sana kusema hapana, na hilo nalisema kwa kumhurumia.

Na Jumapili? Nyingi zitakukuta kambini, Shira au Karanga. Mimi hukusanya wanaotaka, dakika kumi kabla ya chai, hakuna anayelazimishwa, na wageni siwahubirii. Msaidizi wangu wa miaka saba ni Mwislamu. Ramadhani tunampunguzia mzigo wa mchana, naye siku ya Krismasi tukiwa juu huchukua zamu yangu ya alfajiri. Katika wote niliofanya nao kazi, ni yeye aliyesimamia mzani wangu kwa ukali kuliko mtu yeyote, hata kunizidi mwenyewe.

Hela ya wale wawili sijaitumia. Iko kwenye laini ya simu ambayo haifanyi kazi nyingine. Kwa hiyo kama kati yenu, au kaka zenu, yupo aliyepanda Machame Desemba 2014 na kundi la wageni sita, kiongozi akiwa mtu wa Machame mwenye kovu kwenye kidevu, na tipu yake ikamfikia pungufu, aniulizie pale vijana wanaposubiri kuitwa kazi getini. Wananijua. Shilingi 20,000 yake ipo.