Opera ya roki husikilizwa nzima

Vijana wa hapa Lubumbashi, Kongo, wanaojua kwamba napenda roki huniandikia kwenye WhatsApp: "Mama, nitumie wimbo mmoja mkali." Huwa nawajibu kwamba wimbo mmoja sina. Nina albamu yenye hadithi yake, na anayeitaka aniahidi kwanza kwamba ataisikiliza yote kwa mkupuo mmoja, kwa mpangilio wake. Wengine hukimbia. Wanaobaki hunipigia baadaye sauti ikiwa imebadilika, na ni kwa ajili ya wenzao ninaandika haya.

Opera ya roki ni albamu ambayo nyimbo zake zote zinasimulia habari za watu walewale, tangu mwanzo hadi mwisho. Si lazima pawe na jukwaa wala mavazi. Kundi la Uingereza The Who lilitoa Tommy mwaka 1969, na hiyo ndiyo iliyoeneza jina hilo duniani, ingawa miezi michache kabla yake The Pretty Things walikuwa wameshatoa S.F. Sorrow.

Kinachowaliza watu, kwa jinsi ninavyoona mimi, ni mahadhi yanayorudi. Chukua huyo Tommy. Ni mtoto anayeona mauaji ndani ya nyumba yao, kupitia kioo, na wazazi wake wanamwambia kwamba hakuona, hakusikia, wala hatamwambia mtu. Basi mtoto anatii kwa mwili wake wote: anakuwa kipofu, kiziwi na bubu. Katika wimbo wa Krismasi baba anahangaika juu ya mtoto asiyejua hata leo ni siku gani, na ghafla, kutoka ndani ya ukimya wa mtoto, kunatoka sauti nyororo ikiomba kuonwa, kuguswa, kuponywa. Ni mistari michache tu. Inarudi tena mbele ya kioo cha daktari. Halafu mwishoni kabisa, watu wote wakishamwacha Tommy, maneno yaleyale yanarudi kwa mara ya mwisho, na hapo mimi sijawahi kukaa bila kusisimkwa. Ukitumiwa kipande hicho peke yake utasema ni wimbo mzuri, basi. Huku kwetu tuna watoto wengi walioambiwa hawakuona walichokiona. Kwa mtu aliyekuwa mmoja wao, ile sauti ya ndani ni jambo zito sana.

Huku Katanga mtu akifa hatumlilii kwa wimbo mmoja. Watu hulala kilioni. Mama mmoja anaanzisha polepole, wengine wanapokea, na usiku wa manane ule wimbo ulioimbwa saa mbili unarudi. Safari hii unawakuta watu wamechoka, hawana tena nguvu za kujizuia, na ndipo machozi ya kweli yanapotoka. Albamu hizi zinafanya kazi vivyo hivyo, ndiyo maana nasema usizikatekate.

Wapi pa kuanzia? Jesus Christ Superstar, ile ya 1970 ya Andrew Lloyd Webber na Tim Rice. Ilitoka kwanza kama albamu, jukwaa la Broadway likafuata mwaka 1971. Naipendekeza kwa sababu wengi wetu hapa tumekulia katika habari hiyo. Ijumaa Kuu tumeisikia kanisani tangu utotoni, kwa hiyo Kiingereza hakitakuzuia. Anayeimba sehemu ya Yesu ni Ian Gillan wa kundi la roki la Deep Purple. Yaya wangu, yaani ndugu yangu mkubwa, aliileta nyumbani kwenye kaseti ya dakika 90, na jioni moja mama alikuwa uani akisonga bukari, yaani ugali, kwenye mbabula, jiko letu la makaa, Gillan alipofika kwenye Gethsemane na kuanza kupiga ukelele. Mama akauliza, "Huyu analilia nini?" Yaya akamjibu, "Ni Yesu, mama, yuko bustanini." Mama akaipua sufuria, akaiweka chini, akasimama na mwiko mkononi mpaka wimbo ukaisha. Hakuelewa neno hata moja la Kiingereza.

Katika albamu hiyo kuna jambo moja ambalo nataka ulitegee sikio. Maria Magdalena, kwa sauti ya Yvonne Elliman, anaimba kwamba hajui ampende vipi mtu huyu. Ni wimbo wa upole, umepigwa sana redioni. Baadaye sana, Yuda akiwa karibu kujinyonga, anaokota mahadhi hayohayo na maneno hayohayo. Kumbe naye alikuwa na swali lilelile. Mara ya kwanza nilipolitambua nilisimamisha kaseti, nikakaa. Nilikuwa nimemhukumu Yuda maisha yangu yote.

Sasa, namna ya kusikiliza. Soma kwanza kisa chake kwa Kifaransa, ukurasa mmoja unatosha, ili ujue nani ni nani. Kisha weka maandishi pembeni. Usifuate maneno ya nyimbo kwenye simu siku ya kwanza, kwa sababu macho yatakunyang'anya masikio. Hayo ni ya mara ya pili. Pakua nyimbo zote kabla, mega za intaneti zisije zikaisha katikati, wala tangazo lisije likaingia kati ya wimbo na wimbo. Zima alama ya kuchanganya nyimbo. Chaji simu mapema, umeme wa mtaani tunaujua. Saa nzuri ni usiku, baada ya kula, watoto wakishalala. Uvumilivu tunao tayari: mtu aliyezoea kungoja sebene, ile sehemu ya mwisho ambapo magita yanachangamka, katika rumba, katika nchi ya gita la Jean-Bosco Mwenda, hashindwi kungoja.

Asiyetaka Kiingereza kabisa aanze na Starmania, ya Michel Berger na Luc Plamondon, iliyotoka mwaka 1978. Yote ni kwa Kifaransa. Daniel Balavoine anaimba sehemu ya Johnny Rockfort, na katika SOS d'un terrien en détresse sauti yake inapanda kutoka chini hadi mahali ambapo unaanza kumhofia. Mwanamume huyo alifia kwetu Afrika, nchini Mali, mwaka 1986, katika ajali ya helikopta, akishughulikia pampu za maji za vijijini.

The Wall ya Pink Floyd, ya 1979, ni kubwa kuliko zote, lakini naitoa kwa uangalifu. Baba yake Roger Waters, mtunzi mkuu wa albamu hiyo, aliuawa vitani Anzio, Italia, Februari 1944, mtoto akiwa na miezi mitano. Pengo hilo ndilo tofali la kwanza la ukuta ambao Pink, mhusika wake, anajijengea mpaka asisikie mtu. Mimi pia nilimpoteza baba nikiwa mdogo, na albamu hii ilinipa ruhusa ya kukasirika, jambo ambalo hakuna mtu kilioni aliyenipa. Inaishia katikati ya sentensi, na nusu ya pili ya sentensi hiyo iko mwanzoni kabisa mwa albamu: ukuta ukishaanguka, ujenzi unaanza upya. Kwa sababu hiyo, mwenye msiba wa juzijuzi simpi. Nampa Tommy, maana Tommy inafunguka kuelekea juu. Na The Wall usiisikilize peke yako mara ya kwanza. Kaa na mtu mnayeweza kunyamaza pamoja.

Kwa kijana anayegombana na kila mtu nyumbani, mwambie atafute Quadrophenia, ya The Who pia, ya 1973. Jimmy ni kijana wa London mwenye nafsi nne, na kila nafsi ina mahadhi yake. Anakimbilia pwani ya Brighton, anamkuta yule aliyemwona shujaa akibeba mizigo ya wageni hotelini. Karibu na mwisho kuna kipande kisicho na maneno, The Rock, ambamo mahadhi yote manne yanakutana na kusukana. Asikiruke kwa sababu tu hakuna anayeimba. Roger Daltrey, mwimbaji wa The Who, anapoanza Love, Reign o'er Me mara baada yake, uzito wote wa wimbo huo unatoka hapo.