Waleti imekombwa usiku: tusome leja kabla ya kumshika shemeji

SWALI: Dada habari za kazi. Mimi msomaji wenu niko Mwanza, nauza spea za pikipiki. Nilikua natunza USDT, zile sarafu za mtandaoni zenye thamani ya dola, kwenye waleti ya simu, naweka kidogo kidogo toka mwaka jana mpaka zikafika 1,840, ndo hela ya mzigo. Jumapili asubuhi nawasha simu naifungua nakuta sifuri, hata zile TRX 60, sarafu ya kulipia ada, hazipo na BNB kidogo, sarafu nyingine niliyokua nayo, imeondoka. Simu haijaibiwa, PIN sijampa mtu yeyote hata mke wangu. Sasa aliyenifungulia hiyo waleti ni shemeji yangu, mdogo wake wife, anasoma chuo na anakaa hapa kwetu. Nimembana anakataa analia, wife analia, nyumbani hakukaliki. Kesho nataka nimpeleke polisi. Pia kuna mtu Telegram anasema anaweza kuzirudisha nikimtumia dola 200 za kuanzia. Nimewatumia skrinshoti zote. Nisaidieni dada.

JIBU: Kaka yangu pole sana, najua hela ya mzigo inavyouma. Kwanza hiyo dola 200 usitume, yaani usitume kabisa. Hakuna mtu duniani anayeweza kurudisha nyuma muamala uliokwisha kuthibitishwa kwenye Tron, mtandao ambao USDT yako ilikua inakaa, na hao watu wanakaa kwenye magrupu wakisubiri aliyelizwa aseme kalizwa ili wamlize tena. Mblock.

La pili, kesho nenda polisi ndio, lakini shemeji usiende naye umemshika mkono. Nimekaa na skrinshoti zako jana jioni nzima na tukaongea kwenye simu, naomba unifuate taratibu.

Wewe unasema PIN hujampa mtu. Nakuamini, ila PIN haikuhusika hapa. Waleti ya simu haina hela ndani yake, hela iko kwenye leja ya Tron, yaani daftari la miamala yote ambalo kila mtu anaweza kulisoma, app inabeba funguo tu. PIN inafunga mlango wa app kwenye simu yako hiyo moja. Funguo zenyewe zinazaliwa kutoka kwenye yale maneno 12 uliyopewa siku ya kwanza, yametoka kwenye orodha moja ya maneno 2048 ambayo waleti karibu zote zinaitumia, na mwenye maneno hayo kwa mpangilio wake anaifungua waleti yako kwenye simu yoyote, akiwa Manila au Magu, bila kuulizwa PIN yako.

Sasa leja. Nimeingiza anwani yako kwenye Tronscan, tovuti ya kuisomea leja ya Tron, kila kilichotoka Tron kipo pale na saa yake. Saa 9:12 usiku USDT 1,840 zimetoka zote kwa mkupuo. Dakika hiyohiyo TRX zilizobaki baada ya ada zimetoka. Saa 9:14 BNB imetoka, na hiyo iko mtandao mwingine kabisa wenye leja yake. Angalia mpangilio huo, kachukua USDT kwanza kwa sababu kutuma USDT kwenye Tron ada yake inalipwa kwa TRX, angeanza na TRX angebaki hana nauli ya kubebea mzigo. Anayefanya hivyo anaijua kazi, au ni programu imeandikwa kufanya hivyo.

Ningekua na wasiwasi na kitu kingine kama USDT peke yake ndo ingeondoka. Kuna wizi ule wa kuunganisha waleti kwenye tovuti ya sarafu za bure, unabonyeza kukubali bila kusoma, kumbe umeandika ruhusa kwamba anwani fulani inaweza kuchota USDT yako muda wowote. Wizi wa hivyo unaujua kwa dalili mbili, kwenye leja aliyeanzisha muamala ni anwani ngeni na sio yako, na TRX inabaki imekaa palepale kwa sababu ruhusa ya namna hiyo haigusi sarafu mama ya mtandao. Kwako ni kinyume, miamala yote imesainiwa, yaani imeidhinishwa kwa funguo, na anwani zako wewe mwenyewe, na imeondoka mitandao miwili. Kila mtandao una ufunguo wake, ila zote zimezaliwa na maneno yaleyale 12. Kwaiyo mwizi ama alikua ndani ya simu yako, ama alikua na maneno.

Hapo ndo nikakupigia nikakuuliza usiku simu yako inakua wapi. Ukaniambia toka duka livunjwe unaizima saa nne usiku unaiweka chini ya godoro, unaiwasha alfajiri. Kaka, simu iliyozimwa haisaini muamala saa 9 usiku. Maneno yako yalishatoka nje ya hiyo simu siku nyingi kabla.

Yametokaje? Skrinshoti ya tatu uliyonitumia, uliyoandika "waleti yenyewe ni hii", naomba uiangalie tena. Ni maneno yako 12. Safu mbili, sita kushoto sita kulia, juu kwenye kona saa 1:46 jioni na betri asilimia 34. Nimeifuta kwangu saa hiyohiyo. Uliponitumia mimi nisiyejuana na wewe bila kushtuka nikajua hujawahi kuambiwa hiyo picha ni nini, na hilo sikulaumu, maana hizi app zinakuonyesha maneno kwa sekunde chache na onyo la maandishi madogo ya Kiingereza.

Ukanieleza mwenyewe kwamba siku ile shemeji alikwambia andika kwenye karatasi, wewe ukapiga skrinshoti kwa sababu karatasi inapotea. Alafu ukajitumia WhatsApp ili isipotee. Na galari yako inapanda yenyewe kwenye akaunti ya mtandaoni ambayo paswedi yake ni namba ya simu yako. Na mwezi wa tatu uliweka app ya mikeka kwa faili la APK, lile la kuweka app bila kupitia Google Play, lililotumwa kwenye grupu, ikaomba kuona picha ukakubali. Hiyo milango ni minne, na mimi nauangalia wa mwisho kwa jicho la pekee. Mwezi Februari 2025 watafiti wa Kaspersky, kampuni ya usalama wa kompyuta, walitangaza programu chafu waliyoiita SparkCat, ilikua imejificha ndani ya app za kawaida mpaka kwenye Google Play na App Store, kazi yake ikipewa ruhusa ya picha inasoma maandishi yaliyomo ndani ya picha ikitafuta maneno ya waleti, ikiyapata inatuma picha kwa mwenyewe. Kama hizo zilipenya kwenye maduka yenye ulinzi, faili la grupu halina hata mlinzi. Sijaichambua app yako kwaiyo sikuapii kwamba ni yenyewe, ila ndo ningeanzia hapo.

Umeuliza pia kama waleti yenyewe ndo wezi. Imewahi kutokea, ni swali la haki. Agosti 2022 waleti ya Slope kule Solana, mtandao mwingine wa sarafu, ilikutwa inatuma maneno ya watumiaji kwenye seva ya kumbukumbu za hitilafu, waleti zaidi ya 9,000 zikakombwa. Desemba 2018 watumiaji wa Electrum, waleti ya bitcoin, waliona ujumbe ndani ya programu halisi unawaambia waapdeti, kumbe ujumbe umetumwa na seva za wezi na ile apdeti ndo mtego. Na 2023 ikagundulika programu ya libbitcoin ilikua inazalisha maneno kwa kubahatisha kwa biti 32 tu, yaani uwezekano kama bilioni 4.3, kwako wewe ni namba kubwa ila kompyuta inaupitia wote mmoja mmoja. Lakini kesi za namna hii zina sauti yake, watu mamia wa app ileile wanalia siku moja. Nimetafuta kuhusu ya kwako wiki hiyo, sijaona kilio, kwaiyo naiweka chini kabisa.

Sasa shemeji. Nimefungua na ile anwani iliyopokea hela yako. Kuanzia saa 7 mpaka saa 11 alfajiri ya Jumapili hiyo imepokea kutoka anwani 41 tofauti, mwingine dola 12, mwingine 6,000, na wewe 1,840 katikati, alafu zote zikasukumwa mbele. Nyie mlikombwa kundi zima usiku mmoja. Kijana wa chuo anayelala sebuleni kwako akiiba maneno ya shemeji yake anachukua ya shemeji yake, hana waleti nyingine 40 mfukoni. Hii haimtoi kwa asilimia mia, anaweza mtu kuuza maneno, ila kwa nilichokiona sina hata kamstari kamoja kanakomwelekea yeye, na yeye ndo alikwambia utumie karatasi. Kamwambie hivyo leo, mbele ya dada yake, usingoje.

Polisi nenda na anwani yako, anwani ya mwizi, namba za miamala yote mitatu na saa zake, printi kabisa, na utaje Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ili usizungushwe. Sababu ya kuharakisha ni kwamba USDT sio kama bitcoin, kampuni ya Tether ina uwezo wa kuifungia anwani kwa ombi la vyombo vya dola, na hela ikitua kwenye soko la kubadilishia lenye usajili nalo linaweza kuizuia kwa barua ya polisi. Uwezekano ni mdogo na unapungua kila siku, sitaki kukupa tumaini la uongo, ila upo. Hiyo simu usiirudishe kiwandani kwanza, piga picha kwa simu nyingine orodha ya app zote na tarehe ulizoziweka, na lile faili la APK liache lilivyo mpaka polisi walione. Waleti ya zamani isahau, usiweke hata TRX moja ya majaribio maana kuna programu za wezi zinazovizia anwani za namna hiyo na zitaifagia ndani ya sekunde. Mpya ifungue kwenye simu nyingine, kwa maneno mapya, kwa kalamu, karatasi mbili sehemu mbili.

SWALI: Dada niaje, niko Mombasa. Nililipia mzigo kwa USDT, nikakopi adresi ya supplier kutoka kwa historia ya miamala yangu, mwanzo na mwisho zinafanana kabisa. Supplier anasema hajapata. Ni waleti imehakiwa?

JIBU: Hapana ndugu yangu, waleti yako ni nzima, ila historia yako imetiwa sumu. Mtu alitengeneza anwani inayoanza na kuisha kama ya supplier wako, akakutumia kasenti ili ikae juu kwenye orodha, akangoja ukopi. Angalia muamala mmoja kabla ya malipo yako, utakuta kamuamala ka dola 0.0 na kitu ambako hukukatarajia, kanatoka kwenye adresi hiyohiyo uliyolipa. Mwezi Mei 2024 mtu alituma bitcoin za kwenye Ethereum zenye thamani ya kama dola milioni 68 kwa njia hii hii, na baada ya mazungumzo mwizi akarudisha, lakini hiyo ni bahati ya mmoja. Adresi ya Tron ina herufi na tarakimu 34, zile za katikati ndo hakuna anayezisoma. Mwambie supplier akutumie upya, uihifadhi kwa jina kwenye waleti, na kabla ya kubonyeza someni pamoja kwenye simu zile kumi za katikati.